Wi-Fi ya laptopu inakatikakatika: nibadilishe kadi, nichukue adapta ya USB au nivute waya?

Kibodi Moto
Wakuu, salaam. Laptopu yangu inakamata Wi-Fi vizuri, halafu ghafla inakata. Mara irudi yenyewe, mara hadi niizime Wi-Fi na kuiwasha upya. Simu iliyo mezani hapohapo haikatiki. Natumia Windows 11. Naona njia tatu: kubadilisha kadi ya ndani, adapta ya USB, au waya kutoka kwenye ruta. Wenye uzoefu, ipi ina tija?

Antena
Mkuu, usinunue kitu bado. Kuna safari mbili hapo: laptopu hadi ruta, na ruta hadi nje. Lazima ujue inayokatika ni ipi.

Fungua madirisha mawili ya amri (Command Prompt). Tutatumia ping, amri inayotuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu. La kwanza andika ping -t ikifuatiwa na anwani ya ruta yako (mara nyingi ni 192.168.1.1, ipconfig itakuonyesha kwenye Default Gateway). La pili andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google huko nje kwenye intaneti. Yaache yaende huku ukiendelea na kazi. Yakikwama yote kwa pamoja, tatizo liko kati ya laptopu na ruta. Likikwama la pili peke yake, laptopu haina kosa. Shughulika na ruta au mtoa huduma.

Simu nayo isikupe uhakika sana. Nyingi Wi-Fi ikiyumba zinahamia kwenye data ya laini kimyakimya.

Kebo Ndefu
Kama laptopu inakaa mahali pamoja, mimi nasema waya, na sitabadilisha kauli. Waya wa Ethernet unafika hadi mita 100 bila shida, na Wi-Fi za majirani haziuhusu. Laptopu nyembamba hazina tundu lake, hapo utahitaji adapta ya USB ya waya. Ila kama unahamahama na mashine, waya haukufai.

Mama Draiva
Kuna mambo ya bure mnayaruka. Ingia Device Manager, Network adapters, fungua kadi yako, kisha Power Management. Ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Usipoikuta sehemu hiyo usishangae, baadhi ya laptopu hazina.

Kingine, draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Ichukue kwa mtengenezaji wa laptopu. Kama kukatika kulianza baada ya sasisho, jaribu Roll Back Driver (kurudisha draiva ya awali). Na kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi (Run as administrator), uendeshe netsh wlan show wlanreport: inakutolea ripoti ya siku 3 zilizopita, kila kukatika na sababu iliyorekodiwa.

Bisibisi
Kuhusu kadi ya ndani, nazifungua hizi kila siku, nisikilize kidogo. Nyingine zimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, hazibadiliki. Nyingine ni za M.2, yaani zinachomekwa kwenye tundu dogo la ubao, na zinatoka kwa skrubu moja, lakini si kila kadi inakubali kila mashine: zile za CNVi (aina ya Intel inayoiachia prosesa sehemu ya kazi) zinataka prosesa ya Intel inayoziunga mkono. Soma namba ya kadi iliyomo kabla ya kuagiza.

Ukifungua, angalia nyaya mbili nyembamba za antena zinazobana juu ya kadi, mara nyingi mmoja mweusi na mwingine mweupe au kijivu. Vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele. Kimoja kikiwa kimekaa upande, mawimbi yanakuwa dhaifu na kuyumba, na mtu anaweza kutupa kadi nzima isiyo na ubovu. Kiweke sawa katikati, ukibonyeze kwa ncha ya kidole mpaka usikie kimekaa. Usitumie nguvu, vinavunjika.

Antena
Kuhusu adapta ya USB: zile ndogo kama ukucha zina antena ndogo pia, kwa hiyo usitegemee zitaishinda kadi nzuri ya ndani. Ukichukua, chukua yenye 5 GHz, yaani masafa ya Wi-Fi yaliyo juu ya yale ya 2.4 GHz.

Kibodi Moto
Mrejesho, wakuu. Ping zote mbili zinakwama kwa pamoja. Tiki nimeondoa, bado. Nilichogundua ni kwamba inakatika zaidi diski yangu ya nje ikiwa imechomekwa na inanakili mafaili. Nipo kwenye 2.4 GHz.

Antena
Hapo sasa tumefika. USB 3.0 inatoa kelele inayoangukia kwenye masafa ya 2.4 GHz, na diski ikiwa karibu na antena Wi-Fi inaumia. Jiunge na mtandao wa 5 GHz wa ruta yako, kisha nakili mafaili yaleyale huku ping zikiendelea.

Kibodi Moto
Nimehamia 5 GHz, diski inanakili, ping haijakwama hata mara moja. Ila chumba cha mwisho mawimbi ya 5 GHz hayafiki vizuri.

Antena
Kawaida, 5 GHz inachoka haraka kwenye kuta. Ukiwa kule rudi 2.4 GHz, na diski uichomeke kwa waya mrefu kidogo wenye kinga nzuri, uiweke mbali na laptopu. Kwenye ruta chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo. Adapta na kadi mpya achana navyo.