Baiskeli kazini mnaziweka wapi wadau? Yangu imenusurika juzi

PedaliAsubuhi
Habari za saa hizi wadau, naombeni mawazo. Huu ni mwezi wa saba naenda kazini kwa baiskeli, kilomita 9 kwenda na 9 kurudi, na njiani kwa kweli sina shida, shida inaanza nikifika getini. Magari yamechorewa paking mpaka na namba, ila baiskeli hakuna hata pa kuiegemeza. Nilikuwa nafunga kwenye uzio nyuma ya jengo kwa ile waya yenye kufuli ya namba, sasa juzi nashuka saa kumi na moja jioni nakuta waya imekatwa, nyuzi zake zimechanua kama ufagio, baiskeli ipo ila nati za gurudumu la nyuma zimelegezwa, inaonekana aliyekuwa anafungua alishtuliwa akakimbia. Tangu siku hiyo nikiwa kwenye kikao akili yote iko chini. Niliomba niwe naipandisha ghorofa ya nne nikaambiwa itaziba korido watu washindwe kutoka moto ukitokea. Nyie wenzangu mnafanyaje? Kuacha sitaki, tangu nianze hii safari ya asubuhi usiku nalala usingizi wa maana.

FundiSpoki
Pole sana ndugu yangu, na ushukuru umeikuta. Hiyo waya itupe kabisa, mkasi wa chuma unaoingia ndani ya koti unaimaliza kwa sekunde chache, mi watu wananiletea vipande vyake hapa wakiulizia baiskeli nyingine. Tafuta kufuli ya chuma ya umbo la U. Uingereza kuna Sold Secure wanaozipima kwa kuzishambulia na zana halafu wanazipa daraja, shaba, fedha, dhahabu, na juu kabisa almasi, ukipata yenye alama ya dhahabu chukua. Ila ukiokota ya zamani yenye ufunguo wa mviringo achana nayo, mwaka 2004 ilionekana wazi kwamba nyingi za aina ile zinafunguka kwa mrija wa kalamu ya Bic.

Kufunga kwenyewe sasa. Pitisha U kwenye rimu ya gurudumu la nyuma, pale pale ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu, ile ya vyuma vinavyolishika gurudumu hilo, na ikumbatie chuma kilichochimbiwa chini. Marehemu Sheldon Brown, fundi wa Marekani, ndo aliifundisha sana hii njia, gurudumu likishafungwa hapo haliwezi kuchomoka kwenye pembetatu, kwa hiyo fremu nayo imeshikwa humo humo. U iwe ndogo, isibaki nafasi ya kupenyeza mtaimbo. Na kabla hujafunga kitikise hicho chuma, angalia na juu yake, maana kuna nguzo fupi baiskeli inanyanyuliwa tu na kufuli yake inapita juu.

Na usirudi nyuma ya jengo! Grainda ya betri inakata karibu kufuli yoyote, kinachomzuia mtu ni kelele na macho ya watu, kule nyuma vyote hakuna.

DadaKikapu
Fundi kamaliza hayo ya kufuli, mi nikujibu la ofisi maana nimelipitia. Mwaka mzima nilikuwa naomba "sehemu ya baiskeli" naambiwa tutaangalia. Nikabadilisha, nikazunguka nikaandika majina, tukapatikana 6 tunaokuja na baiskeli na wengine 5 wanaosema wangekuja kama pangekuwa na usalama, halafu nikapiga picha stoo ya chini iliyojaa printa mbovu, nikaandika ukurasa mmoja tu, nani atashika funguo, wapi zitafungwa stendi, na kwamba paking ya gari moja inabeba baiskeli kama 10. Meneja akashuka mwenyewe na futi mkononi. Tulipima mita moja kati ya stendi na stendi, kila moja inabeba baiskeli mbili, huku moja huku moja, na urefu ukaachwa mita 2 hivi.

Hapo kwenye stendi usikubali zile za kuchomeka gurudumu la mbele tu. Rimu inapinda baiskeli ikisukumwa, na ukifunga gurudumu lile peke yake mtu analiacha hapo anaondoka na iliyobaki. Omba bomba la chuma la U iliyogeuzwa. Na kwenye korido ndugu yangu wako sahihi, njia ya kutokea moto usiigombanie, tafuta kona nyingine.

MzeeWaMlima
Wanangu, mimi natumia ya kukunja, Brompton, inakaa chini ya meza hakuna anayeiona. Lakini kilo zake 11 na kitu kwenye ngazi kila siku si mchezo, na magurudumu yake madogo yanasikia kila shimo, kwa kilomita 18 kwa siku pima mwenyewe barabara yako ikoje. Kingine kijana wangu, leo hii ipindue hiyo baiskeli, chini pale pedali zinapopitia mara nyingi kuna namba imegongwa, sugua matope uipige picha. Siku ikipotea ikaja kuonekana mahali, namba hiyo ndo itakayosema ni yako.

PedaliAsubuhi
Asanteni sana jamani. Mzee namba nimeiona, ilikuwa imezibwa na grisi. Dada, nimeshuka kuangalia, kuna nafasi chini ya ngazi za upande wa mapokezi, wameweka viti vilivyovunjika na dada wa mapokezi anapaona akiwa amekaa kwenye kiti chake. Ila ngazi zenyewe ni za kutokea, au hapo napo wataniambia moto?

DadaKikapu
Watakuambia, na ni kweli, chini ya ngazi za kutokea usiweke kitu. Na hivyo viti uwaambie waviondoe. Ukuta wa nje wa upande huo huo wa mapokezi ukoje, anauona kupitia dirishani?

PedaliAsubuhi
Anauona! Na una kibaraza. Kesho naenda na futi.