Naomba ushauri: hesabu za daimondi (vile vidoti vya ukingoni mwa meza ya pool) zinanigomea kwenye meza za mtaani

Wakuu habari zenu, nikifichiwa mpira kwenye pool inabidi niufikie kwa kugongesha mweupe kwenye kingo, hapo natumia ile hesabu ya kona 5, yaani mweupe unaanzia kona namba 5, nataka ufike namba 2 kwenye ukingo wa tatu basi natoa 2 kwenye 5 nalenga 3 kwenye ukingo wa kwanza, na spini kidogo ya upande unakokwenda. Meza kubwa yenye kitambaa kipya inakubali fresh tu, ila hizi za baa za kutumbukiza sarafu raba zimechoka, mpira unatua kwingine kabisa, na nyingine hata vidoti hazina jamani! Mnarekebishaje, mnaongeza spini au mnabadili namba? Na mnalenga kidoti chenyewe au raba iliyo mbele yake? Wanaopiga kwa macho pia karibuni, ila msiniambie "fanya mazoezi" mkaishia hapo.