Nimefeli ufahamu wa Kiingereza unaohusu samaki, na kazi yangu ni samaki

Mizani_Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Mcheke kidogo, halafu mnisaidie.

Nipo Mwanza, kazi yangu ni kupima na kukagua samaki hapa Kirumba. Stashahada ninayo. Mwaka huu nimepata nafasi ya chuo nje, kusomea uhifadhi wa samaki, kwa sharti kwamba nipate 6 kwenye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na kusiwe na sehemu hata moja iliyo chini ya hapo. Kuongea nimetoka na 6.5, kusikiliza 6, kuandika 6. Kusoma nimeambulia 5. Kusoma jamani! Nilikuwa naogopa kuongea, kwa hizi r na l zangu zinazogombana mdomoni, kumbe shimo lilikuwa upande wa pili.

Na si kwamba sikujiandaa. Nina kaunta buku nzima, maneno zaidi ya 900, kushoto Kiingereza kulia Kiswahili. Nyumbani ni Sengerema, kwa hiyo kila mwisho wa wiki nilikuwa nakariri kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo. Ukikuta magari mengi unamaliza herufi nzima kabla hujavuka. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 zinakatika kabla sijapata ukurasa nilioishia. Daraja nalishukuru, ila darasa langu limelimeza.

Siku ya mtihani kuna kosa moja ambalo sina wa kumlaumu. Dakika 60, vifungu 3, maswali 40. Nilikuwa naandika majibu pembeni ya maswali nikijua nitayahamishia kwenye karatasi ya majibu mwishoni, kwa sababu kwenye kusikiliza sisi tunaofanyia kwenye karatasi, si kompyuta, tulipewa dakika 10 za kuhamisha. Kwenye kusoma dakika hizo hazipo. Tunaambiwa kalamu chini, karatasi yangu ina majibu 29.

Lakini kinachoninyima usingizi ni cha juzi. Nimepata fotokopi za mazoezi, nikafungua, kifungu cha kwanza: sangara wa Ziwa Victoria. Nikacheka mwenyewe. Alivyoletwa miaka ya 1950, alivyokuja kulipuka miaka ya 1980, furu, wale samaki wadogo wa asili, walivyopotea, viwanda vilivyokuja ufukweni. Hii si mada yangu, haya ni maisha yangu. Nikajibu maswali 13 kwa dakika 11. Nimepata 5.

Moja lilikuwa hivi. Kwenye kifungu: "The catch was that few fishermen could afford the heavier nets." Daftari langu linasema catch ni kukamata, kwa hiyo nikajua wanaongelea samaki waliokamatwa, na kwamba wapo wavuvi wachache walionunua hizo nyavu. Swali likasema wavuvi wengi hawakumudu nyavu nzito, chagua "True", "False" au "Not Given", yaani kifungu hakisemi. Nikaweka "Not Given". Jibu ni "True".

Lingine lilisema familia za wavuvi zilipenda ladha ya samaki mpya kuliko wa zamani. Nikaweka "False" kwa mikono miwili. Bibi yangu wa Kome mpaka anafariki alikuwa anasema sangara ana mafuta mno, samaki ni furu. Jibu eti ni "Not Given".

Narudia mtihani baada ya wiki tisa. Je, niongeze maneno kwenye daftari, nifike 2,000? Au tatizo liko kwingine?

Sangara_Mkavu

Mkuu, samaki unampima wewe, unamkagua wewe, halafu mtihani wake unakushinda? Ningekuwa bosi wako ningeanza kuikagua na mizani. 😂

Nafuatilia uzi, na mimi nina mtihani mwezi ujao.

Mama_wa_Bwiru

Mwanangu Mizani, nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31, sasa nimestaafu, nafuga kuku na kusahihisha watoto wa majirani bure. Usiongeze neno hata moja kwenye hilo daftari. Lina kosa toka ukurasa wa kwanza.

Umeandika "catch = kukamata". Haya niambie, kwa Kiswahili "kaa" ni nini? Kuna kaa la moto, kuna kaa wa pwani anayetembea upande, kuna kaa kitako. Mzungu aliyeandika daftarini mwake "kaa = sit" siku akisikia mtu ameunguzwa na kaa, atashangaa kiti gani hicho cha moto. Ndicho ulichofanya. "The catch was that" haina samaki ndani yake. Maana yake ni kwamba jambo lilionekana zuri, kumbe lina mtego. Ukilijua neno hilo kwa sentensi nzima hutalisahau, hasa wewe ambaye mitego unaishi nayo.

Na wewe uko mahali pazuri kuliko wengi, sema hujaona. "Scale" ni mizani yako, na ni gamba la samaki aliye juu ya mizani, na "on a large scale" ni kwa kiwango kikubwa. "Net" ni wavu, lakini "net weight" ni uzito ukishatoa kreti. "School" ni shule, na ni kundi la samaki majini. Andika kila moja kwa sentensi ya hapo hapo kazini kwako, na pembeni usiweke tafsiri. Weka neno la Kiingereza lingine linaloweza kukaa mahali pake, maana mtihani hauulizi Kiswahili. Unachouliza ni kama umelitambua lile lile likiwa limevaa nguo nyingine.

Sasa "few". Sisi tuna "wachache" tu, inabeba yote mawili, ndiyo maana imekuangusha. "A few" ni kadhaa, yaani wapo. "Few" bila hiyo a ni wachache wa kulalamikia, kama unavyosema "leo wateja wachache" huku umeshika tama. Anayesema "few could afford" anakwambia wengi walishindwa. Herufi moja tu, na alama imeenda. "Hardly" nayo ni hivyo hivyo. Wanafunzi wangu walikuwa wanaitafsiri "kwa nguvu", mwaka nenda mwaka rudi, wakati maana yake ni "kwa shida mno, karibu na hapana".

Kuhusu idadi: Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, alitoa mwaka 2000 orodha ya maneno ya kitaaluma, koo 570. Nasema koo kwa sababu hazihesabiwi neno moja moja. "Analyse, analysis, analytical" ni ukoo mmoja. Wewe unayejua kwamba soma, somo, msomi, usomaji na someka ni ndugu, hili halina ugeni kwako. Koo 570 zilizoeleweka zitakusaidia kuliko vichwa 2,000 vilivyokaririwa kwenye foleni.

La bibi yako nimelicheka mpaka jirani kaniuliza. Pumzika kwa amani bibi, alikuwa na haki, lakini hakuandika kile kifungu. Dawa ni moja: kidole. Ukiweka "True" weka kidole kwenye mstari unaosema hivyo. Ukiweka "False" weka kidole kwenye mstari unaopinga. Kidole kikikosa pa kutua, ni "Not Given", hata kama jambo lenyewe unalijua kuliko mwandishi. Na hapo ndipo mada unayoijua inakuwa mbaya kuliko usiyoijua, kwa sababu usiyoijua unalazimika kuisoma. Dakika 11 kwa maswali 13? Hukusoma wewe, ulikuwa unakumbuka.

Zamu_ya_Usiku

Mama shikamoo. Naongeza kidogo na kupinga kidogo, kwa heshima.

Mimi ni muuguzi, nilipata 7 kwenye kusoma mara ya pili, nikisomea kati ya raundi za wodini. Mizani, fahamu kwanza unachokitafuta. 6 ni kama majibu 23 kati ya 40, 7 ni kama 30. Wewe uliacha 11 tupu! Huenda 6 yako ilibaki pembeni ya karatasi ya maswali. Andika moja kwa moja kwenye karatasi ya majibu, na usiache nafasi wazi, jibu baya halikatwi alama.

Ninapopinga ni hii habari ya kusoma taratibu na kidole. Ukisoma kila mstari wa vifungu vitatu hutamaliza, na cha tatu ndicho kigumu. Mimi nilikuwa naanza na maswali, nachora mstari chini ya majina, miaka na tarakimu, kisha nashuka kwenye kifungu kuyatafuta, maana hayo hayabadilishwi nguo. Dakika 20 kwa kifungu, saa ya mkononi mezani, ikifika nahama hata kama kuna swali nimelipenda. Mazoezi nilifanyia ukurasa wa maoni wa Daily News, gazeti la jana la wodini, nasoma, nafunga, namweleza mwenzangu wa zamu kwa Kiswahili mwandishi alitaka nini. Nikishindwa kueleza nilikuwa sijaelewa, basi.

Halafu yale ya kujaza. Wakisema maneno yasizidi 2 ukaandika 3, umekosa, hata kama jibu ni lenyewe.

Mama_wa_Bwiru

Marahaba, Usiku. Sijasema asome kila mstari kwa kidole, nimesema kidole kije kabla ya jibu. Ila kweli saa sikuitaja, na miaka yangu 31 nilikuwa nashika kengele mimi mwenyewe. Umenishinda hapo.

Sangara_Mkavu

Mimi nilikuwa natania, sasa nimechukua kalamu. "Hardly" nilijua ni kwa nguvu. 🙈

Mizani_Kirumba

Mama shikamoo, na Usiku nashukuru. Wabeja sana.

Leo nimekaa juu ya kreti baada ya kufunga mizani, saa kumi na moja, na kifungu kingine. Safari hii ni nyuki, sijui lolote. Nimetega dakika 20 kwenye simu. Nimeanza na maswali, nimechora majina na miaka, halafu kidole. Wapakiaji wamenipita wakaniuliza kama nasoma barua ya mahakama.

Nimepata 8 kati ya 13. Nilipokosa nawaambia: swali la tano kidole kilikosa pa kutua, nikaweka "Not Given" kwa raha zangu. Jibu ni "False". Mstari ulikuwepo, mwanzoni mwa aya iliyofuata, wameandika "declined" mahali pa "refused". Na mimi daftarini nina "decline = kupungua".

Mama_wa_Bwiru

Kwa hiyo kidole kilichoka kikaishia kwenye aya moja. "Decline" kupungua ipo, kukataa ipo. Andika zote mbili, sentensi mbili, ya bei ya dagaa na ya mteja aliyekataa dagaa. Ungekuwa jirani ningekusikiliza.

Mizani_Kirumba

Mama, Bwiru na Kirumba ni pua na mdomo. Jumamosi nikifunga mizani naweza kuja na hizo fotokopi, na kuku wako nawaletea vumbi la dagaa.

Mama_wa_Bwiru

Njoo kabla jua halijazama, macho yangu hayapendi taa. Vumbi lisiwe na mchanga.

Sangara_Mkavu

Nipo Mabatini. Naruhusiwa?