Tupeane uzoefu: Skrambla (pikipiki ya njia za vumbi na matope) ya kwanza ya mke, mume au mchumba, mliichaguaje na ilikuwaje?

VumbiLaKiserian (mwenye uzi)

Wadau, salamu. Jumamosi nyingi mimi huwa barabara ya Magadi. Nikishapita Kiserian naingia njia za ng'ombe, jioni narudi nyumbani rangi ya udongo. Kwa miaka miwili mke wangu amekuwa akitufuata na gari, anaegesha chini ya mgunga na kutungoja na chupa ya chai. Mwezi jana, akinimiminia, akaniuliza: "Na yangu iko wapi?" Nikamwambia ajimiminie, chai iko tele. Kumbe haulizi chai.

Ana urefu wa sentimita 157, uzito kilo 54 hivi, na hajawahi kushika klachi maishani. Gari lake ni otomatiki. Nilikuwa nimeshamtengea pikipiki moja ya 250 (cc, yaani ukubwa wa injini), safi, ya mkononi, ila kabla pesa haijatoka nimeona niwasikie mliotangulia. Siulizi pikipiki ipi ni kali. Nauliza ulimnunulia mwenzako nini, au wewe ulinunuliwa nini, na siku ya kwanza ilikuwaje. Aibu ni ruhusa.

KlachiImeungua

Kaka, hiyo 250 iache huko huko. Nilinunua ya namna hiyo kwa mchumba wangu nikisema ataizoea, vile mama zetu walivyotununulia sweta za shule za kuvaa mpaka darasa la nane. Kiti kilikuwa sentimita 87 na nusu kutoka chini, uzito kilo 144. Yeye ana 160. Pale tuliponunulia sakafu ilikuwa saruji, nikaishikilia kwa nyuma, akapanda, akasema iko sawa.

Tukaenda upande wa Kitengela, na mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Wanaoujua ule udongo mweusi wanajua: unajibandika kwenye tairi, unajaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Hakuanguka akikimbia hata mara moja. Alikuwa anaanguka akisimama. Anapunguza mwendo, ananyoosha mguu kutafuta ardhi, ardhi iko chini zaidi, pikipiki inalala kidogo, na kilo 144 zikishalala kidogo mtu wa kilo 50 hazirudishi. Mara tano. Ya tano mguu ulibaki chini, ekzosi ikamchoma shavu la mguu.

Alinirudishia ufunguo, akavua helmeti, akapanda gari. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Leo tumeoana, tuna mtoto, na nikitaja pikipiki anapandisha suruali kidogo tu nione lile kovu. Mjadala unaisha.

Msichana_wa_Gia

Pole kwa shemeji. Wewe ulikosea urefu, bwana yangu alikosea hesabu. Aliona imeandikwa 125 akasema hii ni ya kujifunzia. Kumbe ni ya mashindano, injini ya mipigo miwili, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli. Kiti karibu mita moja kutoka chini. Haina taa wala stata, ni kupiga kiki mpaka goti lilie.

Mtu anayeanza asidanganywe na cc. Injini zile hazitoi nguvu kidogo kidogo. Unaongeza resi, hakuna kitu. Unaongeza tena, hakuna kitu. Unajiambia labda imezima sauti tu, unaongeza, halafu nguvu zote zinafika pamoja kama matatu iliyochelewa zamu. Nilikuwa kwenye uwanja wa nyasi. Mikono ilienda, mwili ukabaki. Na kila nilipovutwa nyuma nilizidi kuning'inia kwenye resi, kwa hiyo ikazidi kukimbia. Nilisimamishwa na ua wa michongoma. Nashukuru haukuwa ukuta.

Nilikaa mwaka mzima bila kugusa pikipiki. Kisha nikanunua yangu kwa pesa yangu: Yamaha TT-R125 yenye magurudumu makubwa, ya stata. Injini ya mipigo minne inayopozwa na hewa, gia tano, kilo 90 hivi, kiti kama sentimita 80. Nilikuwa nagusa chini kwa nyayo zote mbili, na niseme ukweli, hilo tu ndilo lililonifunza kuendesha. Anayejua kwamba akikwama ataweka miguu chini ataangalia mbele. Asiyejua anaangalia tairi.

Mwenye uzi, usimfundishe mwenyewe. Bwana yangu alikuwa akinipigia kelele "klachi! klachi!" kana kwamba ile pikipiki ilikuwa na kitu kingine nilichokuwa nafikiria. Nilifundishwa na binamu yangu wa kike kwa Jumapili tatu. Ya kwanza hatukuwasha hata injini: nilisukumwa kwenye mteremko mdogo nikijifunza breki peke yake.

TopeLaLimuru

Michongoma imenimaliza.

FundiMikonoMyeusi

Mimi sina hadithi ya mapenzi, nina ya gereji. Wanaume wengi huniletea pikipiki ya mke wakisema "hajui kuendesha, kila akiondoka inazima". Naiwasha, naipeleka nje, inanizimia hata mimi.

Nairobi iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Limuru mita 2,200 hivi. Hewa ni nyepesi. Pikipiki ya kabureta iliyowekwa jeti (vitundu vya kupitishia petroli) za nchi ya pwani inakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopata. Mtu mzoefu anaficha ugonjwa huo kwa kupiga resi. Anayeanza anafungua polepole kama alivyofundishwa, injini inakohoa, inazima, naye anajilaumu. Kumbe ni jeti. Chomoa plagi: ikiwa nyeusi kama sufuria ya mkaa, huyo mama hana makosa. Wekeni jeti ndogo kidogo, rekebisheni hewa, kisha ndipo mseme hajui. Za injekisheni hazina shida hiyo, zinajipimia hewa zenyewe.

Mwenye uzi, ukienda kuangalia ya mkononi, usimpigie muuzaji simu ukamwambia umekaribia. Atakuwekea injini ikiwa imeshapashwa moto. Fika, weka mkono kwenye injini kwanza. Ikiwa ya moto, kunywa soda usubiri ipoe, ndipo uombe kuona ikiwashwa. Fungua kichujio cha hewa. Kwa watu wa vumbi la Kajiado, kichujio ndicho kinachokueleza tabia ya mwenyewe: kikiwa kikavu na kimejaa mchanga, injini imekula mchanga. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, likicheza ni beringi. Pitisha kidole kwenye fremu kutafuta alama za kuchomelewa. Na nambari ya chesisi ifanane na ya kwenye kitabu cha umiliki, herufi kwa herufi, na jina libadilishwe NTSA (mamlaka ya usafiri barabarani) kabla hamjaagana. Muuzaji akikwambia "hiyo ni kitu kidogo, tutafanya kesho", huyo ndiye anayekuuzia mbuzi kwenye gunia.

NgongMpakaSuswa

Mimi nipingane kidogo. Mke wangu ana urefu wa 175 na amecheza voliboli mpaka juzi. Nilimnunulia Honda CRF230F, kiti sentimita 86 na kitu, kilo 113, na hakuwahi kulalamika. Angepewa hiyo 125 magoti yangemgonga kidevu. Pimeni mtu wenu, msipime wanawake kwa jumla.

Msichana_wa_Gia

@NgongMpakaSuswa Sawa kabisa, ila umesahau kutuambia kama yeye mwenyewe alikuwepo siku ya kuinunua.

NgongMpakaSuswa

Alikuwepo. Yeye ndiye aliyeshusha bei.

MwalimuWaMzee

Kwetu mambo yako kinyume. Mimi ndiye mwendeshaji. Nilianzia kazini, tulipewa pikipiki za kuzungukia vijiji. Mzee wangu, yaani mume wangu, ni mtu wa ofisini, urefu 188, na nilipomwambia ajifunze tutembee pamoja akasema pikipiki ni za watu wasio na haraka ya kuzeeka. Baada ya miaka mitatu akakubali, kwa sharti kwamba hakuna rafiki yake atakayejua.

Sikumnunulia chochote. Nilimwomba kijana wa boda wa pale stejini atukodishe nduthi yake, yaani pikipiki ya boda, Jumapili asubuhi, kiwanja cha shule, kabla watu wa kanisa hawajatoka. Msiidharau nduthi. Ni ya chini, ina klachi na gia, inazunguka polepole bila kuzima, na ikianguka spea ziko kila kona. Mzee alijua klachi kwa asubuhi mbili. Kijana naye alikuwa na subira ambayo mimi sikuwa nayo, alikuwa akimwambia "baba, pole pole, haiendi bila wewe".

Tulipofika kununua, swali letu halikuwa urefu. Lilikuwa pikapu. Skrambla kamili haina taa wala nambari, huwezi kuiendesha kutoka nyumbani, lazima ibebwe. Sisi hatuna pikapu na hatukutaka kukodi kila wikendi. Tukachukua Honda XR150L: injini ya kupozwa na hewa, stata, kilo 129 hivi, kiti sentimita 82 na nusu, inakubali taa na nambari. Ni nzito kuliko hiyo TT-R ya dada hapo juu, lakini anatoka nayo getini. Leseni mlisahau kutaja: daraja la pikipiki ni lake, leseni ya gari haitoshi. Na helmeti pamoja na jaketi la kuakisi ni sheria, kwa anayeendesha na anayebebwa pia.

Kilichomwangusha hatimaye ni breki. Kwenye marram (barabara isiyo na lami), njia ya kuelekea Ngong, kona ina changarawe, yeye akakamata breki ya mbele kwa vidole vyote vinne kama anakamua ng'ombe. Tairi la mbele likaondoka. Hakuumia, ila kulikuwa na watoto watatu wachungaji, na mmoja akamwuliza kwa heshima zote: "Babu, umemaliza?" Ana miaka 46. Siku hizi anatumia vidole viwili.

Gikomba_Survivor

Mnaongelea pikipiki tu. Mimi nilimnunulia mke wangu buti za skrambla pale Gikomba, soko la mitumba Nairobi, ngumu, ndefu, zenye vifungo vya pembeni, bei ya kutupa. Nikajisifu wiki nzima. Tulipofika uwanjani hakuweza kukunja kifundo cha mguu kubadilisha gia. Jamaa mmoja akazigeuza, akasoma soli, akatuambia ni viatu vya kutelezea kwenye theluji.

Tunazo bado. Mtoto anaziwekea mawe.

Helmeti kwa kweli msifanye mzaha. Yangu ya zamani ilimpwaya, nikasema atafunga kilemba ndani. Alipoanguka kidogo tu ilizunguka, akabaki anaangalia mpira wa ndani. Ya kufaa inabana mashavu, ukitikisa kichwa ngozi ya uso inakwenda nayo. Na ikishapigwa chini kwa nguvu, imeshafanya kazi yake, msimrithishe mtu.

KlachiImeungua

@FundiMikonoMyeusi je, ningeishusha ile 250 kwa kukata sponji ya kiti na kulegeza shokapu?

FundiMikonoMyeusi

Sponji ungepata sentimita mbili tatu, na makalio yangelalamika kabla ya Kiserian. Ukishusha shokapu ya nyuma bila kushusha ya mbele, usukani unakuwa mzito, na tegemeo la pembeni linakuwa refu, pikipiki ikiegeshwa inasimama wima inangoja upepo. Inawezekana kufanywa vizuri. Lakini ukishaishusha bado ina kilo 144.

VumbiLaKiserian (mwenye uzi)

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Mama mtu alisoma uzi huu wote kwenye simu yangu, akacheka pale pa michongoma mpaka nikatoka sebuleni.

Tulikwenda kuona tatu. Nilikuwa nimepanga kumweleza mambo ya injini. Yeye alikuja na mtihani wake: kila muuzaji alimwomba ailaze pikipiki kwenye nyasi, kisha mimi nirudi nyuma hatua kumi. Ile 250 yangu aliiinua mpaka magotini, akaiachilia taratibu, akaniangalia. Sikusema neno. Ya pili aliinua akaomba maji. Ya tatu, TT-R125, aligeuza usukani, akageuka akaipa mgongo, akashika mpini kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, akasukuma kwa miguu, ikasimama. Akaipanda, akaweka nyayo zote chini, akauliza bei. Ilikuwa baridi tulipofika, fundi, niliweka mkono. Plagi ilikuwa nyeusi, ukatusaidia na jeti, asante.

Pikapu nimekodi kwa jirani. Msichana_wa_Gia amekubali kumfundisha, na wameshakutana mara mbili, mteremko na breki kama alivyosema. Jumamosi iliyopita walienda wawili, wakaniambia wanataka kimya. Mimi nilikuwa chini ya mgunga na chupa ya chai.