Oili ya injini: kilomita 3,000 au 10,000?

Dereva wa Mbagala: Ndugu zangu, naomba ushauri. Gari langu ni Toyota ya petroli yenye umri wa miaka 15, nalo hushinda kwenye foleni za Dar es Salaam. Fundi wangu anataka nibadilishe oili kila kilomita 3,000, ilhali kopo limeandikwa 10,000.

Fundi Mstaafu: Ndugu, kwenye foleni injini hufanya kazi saa nyingi bila kilomita kuongezeka, na ndiyo maana vitabu vingi vya watengenezaji hufupisha muda kwa magari ya safari fupi, vumbi na joto. Ikiwa oili yako si ya sintetiki (ile iliyotengenezwa kiwandani ili idumu zaidi), ningebadilisha kila kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, pamoja na filta yake. Hizo 3,000 naona ni gharama ya bure.

Mama Asha: Tafadhali pima pia kiwango cha oili kwa kijiti chake kila wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa, kwa sababu injini kuukuu hula oili.

Dereva wa Mbagala: Nashukuru sana. Je, oili ikishakuwa nyeusi imekwisha muda wake?

Fundi Mstaafu: Si lazima; oili njema husafisha injini, kwa hiyo hubeba uchafu na kubadilika rangi mapema.