UZI: Amekata "sensitive" kwa kalamu ya bic nyekundu, mbele ya watu saba!

Mtafsiri wa Himbi: Wandugu, leo nimechoka kabisa. Yule bwana wa kukagua tafsiri, tunamjua sote, amekata "sensitive data" kwenye tafsiri yangu ya Kifaransa kwenda Kiingereza, akaandika juu yake "sensible data". Mbele ya watu saba! Kwa herufi kubwa hivyo, mtu wa Gisenyi, kule Rwanda, angezisoma bila kuvuka mpaka. "Sensible" ya Kiingereza ni mwenye busara. Orodha ya majina ya wagonjwa ina busara gani? "Données sensibles" ya Kifaransa ni "sensitive data": zikivuja, watu wanaumia. Yeye ameona herufi za Kifaransa, akaridhika. Akakata! Watu saba!

Kasuku wa Birere: Pole mukubwa. Huyo huyo alipitisha "sensible skin" kwenye tangazo la sabuni. Ngozi yenye hekima! Ngozi inayowasha upesi ni "sensitive skin". Viatu ndivyo vinaweza kuwa "sensible": visigino vifupi, vya kutembea juu ya haya mawe yetu ya volkano hapa Goma bila kuteguka mguu.

Bic Bluu: Na weye wa Himbi, juzi uliandika "sensitive of light". Ni "sensitive to light". "Sensitive about" ni kwa jambo linalomchoma mtu akiguswa, kama vile weye na hao watu saba. Mtu "sensible" angefungua kamusi mezani, si uzi.

Mtafsiri wa Himbi: Kamusi ilikuwa mezani! Aliifunika kwa kiwiko!

Mubukavu: Jaribuni hivi. Kwenye sentensi ya Kifaransa, toa "sensible", weka "raisonnable" (yenye busara). Maana ikibaki ile ile, andika "sensible". Ikiharibika, mara nyingi ni "sensitive". Karibu kila mara itaharibika. Sekunde tano tu.

Dada wa Katindo: Mimi kinachoniua ni "library". Wanaibandika kwenye "librairie"! Duka la vitabu ni "bookshop". "Library" ni "bibliothèque", kitabu unakirudisha.

Kasuku wa Birere: Afadhali hiyo. "Borrow me your charger" je? Kwetu "azima" inakwenda na kurudi, Kiingereza kinagawa: mwenye kitu ndiye ana-"lend", mwombaji ana-"borrow". Sema "lend me".

Dada wa Katindo: Chaja ya nini, na umeme umekatika tangu asubuhi?

Mtafsiri wa Himbi: Jamani, turudi kwenye ile bic nyekundu...

Bic Bluu: Mtaa wa Ndosho pia hakuna umeme.

Mubukavu: Majengo je?

Kasuku wa Birere: Majengo umerudi sasa hivi. Leteni simu.