Naomba ushauri: Likasi hadi Bunkeya kwa kinga (baiskeli)

Wandugu, mwezi wa saba, wakati wa ukavu, mimi na mdogo wangu tunataka kutoka Lubumbashi. Kinga mbili tutazifunga juu ya gari hadi Likasi, kama kilometa 120, maana malori ya shaba siyataki mgongoni. Kutoka pale tunapiga pedali hadi Bunkeya, mji wa Msiri, mfalme wa Bayeke, aliyeuawa mwaka 1891.

Kinachonisumbua ni mchanga. Mwaka jana, njia ya mashamba nje ya mji, gurudumu la nyuma lilizama na njiti tatu zikakatika. Mzee mmoja wa makala (makaa), magunia matatu juu ya kinga yake, alisimama, akakata ukanda wa chubu (mpira wa ndani) kuukuu, akafunga zilizobaki. Pesa akakataa. Nilifika nyumbani nikiyumba kama mlevi!

Mliopita kule: tairi nene zinatosha, au kuna vipande vya kusukuma tu? Na kwa Bayeke, mgeni anaanza kwa chifu? Anapeleka nini mkononi? Mdogo wangu anataka tuongeze maporomoko ya Lofoi, yale ya zaidi ya meta 300. Mimi naona tutajitesa bure. Mnasemaje?